Mnywa Sere na Vita vya Njia ya Pembe

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mkoani Singida.)



Mwezi Januari mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amekwama na msafara wake katika nyika ya Mgunda Mkali. Mvua zilikuwa kubwa, chakula kilikuwa haba, na wapagazi wengi walikuwa wamekwisha kumtoroka. Katika dhiki hiyo alitembelewa na mtu mmoja aliyefuatana na kikosi kidogo cha vijana wenye silaha. Mgeni huyo alikuwa Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe aliyeondolewa kitini kwa nguvu ya bunduki. Alieleza mashitaka yake dhidi ya Waarabu wa Tabora, kisha akaomba asaidiwe kupatanishwa nao. Speke alipofika Kaze alijaribu kuwasuluhisha wagomvi hao. Suluhu haikupatikana, na vita viliendelea kwa miaka minne mingine.

Nyika hiyo si mahali pa mbali. Mgunda ni shamba katika lugha za wenyeji, na Mgunda Mkali lilikuwa jina la pori kavu lililotenga Ugogo na Unyanyembe. Sehemu yake kubwa ni vichaka vya Itigi na nchi ya Manyoni, ambayo leo imo ndani ya Mkoa wa Singida. Kila msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora kwa njia ya kati ulipaswa kulivuka pori hilo, na mengi ya maziwa yake ya maji yalikuwa ya msimu tu. Mpagazi aliyeugua humo aliachwa humo.

Miezi mitatu baada ya mkutano ule wa nyikani, tarehe 12 Aprili 1861, mizinga ya majimbo ya kusini ya Marekani iliishambulia ngome ya Fort Sumter, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza katika taifa lile. Vilimalizika mwaka 1865. Na vita vya Unyanyembe, vilivyoanza mwaka 1860, navyo vilimalizika mwaka huo huo wa 1865, Mnywa Sere alipokamatwa na kukatwa kichwa. Ni ajabu kwamba kijana wa shule mkoani humu huweza kumtaja Abraham Lincoln bila kusita, ilhali jina la Mnywa Sere huenda hajapata kulisikia. Si vibaya kumjua Lincoln. Lililo baya ni kudhani kwamba ugomvi juu ya binadamu na bei yake ulipiganwa ng'ambo tu.

Chanzo cha vita vya Unyanyembe chaelezeka kwa maneno machache. Mtemi Fundikira alikuwa ameishi na wafanyabiashara wa pwani kwa masikilizano makubwa. Waliruhusiwa kujenga tembe zao Kaze, ambapo baadaye palikuja kuitwa Tabora, wakalima mashamba yao na kupitisha mali zao bila ya kutozwa kodi ya maana. Udugu uliingia hata katika ndoa: Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Fundikira alipofariki dunia, mnamo mwaka 1858, kiti kilimwangukia Mnywa Sere. Mtemi mpya alitazama mali iliyokuwa ikipita mbele ya macho yake, akaamua kwamba wageni nao watoe kodi. Wageni wakakataa. Badala ya kulipa wakatafuta mtu mwingine wa ukoo huo huo wa utemi, jina lake Mkasiwa, wakamkalisha kitini na kumlinda kwa bunduki zao. Mnywa Sere akakimbilia porini.

Hapo ndipo ugomvi wa kodi ulipogeuka kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanyanyembe waligawanyika, wengine wakimfuata mtemi wa zamani na wengine mtemi wa wageni. Mnywa Sere hakuwa na tembe wala ghala. Alikuwa na njia. Yeye na marafiki zake, miongoni mwao Wakimbu na Wagogo, waliishambulia misafara katika Mgunda Mkali na kandokando yake. Katika mapigano hayo, mwaka 1861, aliuawa Snay bin Amir, mfanyabiashara mashuhuri wa Kaze ambaye miaka michache nyuma alikuwa mwenyeji mkarimu wa Burton na Speke. Vijiji vilihamwa, mashamba yakaachwa bila kulimwa, njaa ikaingia. Aliyeumia kwanza alikuwa mkulima, ambaye hakuwa na pembe wala kodi ya kugombea.

Je, vita hivyo vilikuwa juu ya utumwa? Swali hili linahitaji jibu la uangalifu, kwa kuwa mara nyingi hujibiwa kwa pupa. Zamani vitabu vya shule vilikuwa na picha moja tu: mtu mweusi mwenye mnyororo shingoni, pembe ya ndovu begani, na Mwarabu mwenye mjeledi nyuma yake. Picha hiyo si ya uongo mtupu, lakini haielezi habari yote ya njia ya kati. Watumwa wengi waliouzwa Unguja walitoka nchi za kusini, kwa njia ya Kilwa. Katika njia ya Tabora bidhaa kubwa ilikuwa pembe za ndovu, na wabebaji wake wengi walikuwa Wanyamwezi huru, waliopatana ujira wao kwa nguo na posho, na ambao waligoma au kutoroka walipopunjwa. Kwa hiyo anayefundisha kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa anamnyang'anya mpagazi wa Kinyamwezi heshima yake ya kuwa mfanyakazi.

Lakini ukweli huo una upande wake mchungu. Mpagazi alipokuwa njiani, ni nani aliyemlimia shamba lake? Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, watu wengi walinunuliwa kutoka nchi za magharibi, hasa Manyema, wakaletwa Unyamwezi, wakawekwa mashambani. Pembe zilipanda kwenda pwani, na nguo, shanga na baruti zilizorudi ziligeuzwa kuwa watu. Mateka wa vita nao waliingia katika hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo, kila aliyepigania njia, awe mtemi au mfanyabiashara, alipigania pia haki ya kununua na kuuza binadamu. Hakuna ushahidi kwamba Mnywa Sere alikusudia kumfungua mtumwa hata mmoja. Alidai fungu lake. Madai yake kwa wageni yalikuwa ya haki kabisa, maana ni serikali gani duniani isiyotoza ushuru mpakani mwake? Hata hivyo, mtu aliyefungwa kamba asingeona tofauti kubwa kati ya kodi kulipwa na kodi kukataliwa.

Katika jambo hili Marekani inafaa kulinganishwa, wala isitazamwe kwa macho ya kustaajabu tu. Mwaka 1860 taifa lile lilikuwa na watumwa karibu milioni 4. Majimbo ya kusini yalipojitenga, viongozi wao hawakuficha sababu. Alexander Stephens, makamu wa rais wa serikali yao, alisema waziwazi mjini Savannah mwezi Machi 1861 kwamba msingi wa dola yao mpya ni itikadi ya kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Lincoln, kwa upande wake, hakuanza vita kwa nia ya kuwafungua watumwa. Bado mwezi Agosti 1862 alimwandikia mhariri Horace Greeley kwamba shabaha yake ni kuuokoa muungano, na kwamba kama angeweza kuuokoa bila kumfungua mtumwa yeyote angefanya hivyo. Tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilitoka tarehe 1 Januari 1863, nalo lilitoka pia kwa sababu jeshi lilihitaji watu.

Nani basi aliyeligeuza shauri lile? Kwa sehemu kubwa, ni watumwa wenyewe. Waliyahama mashamba kwa maelfu na kuingia katika kambi za jeshi la kaskazini kabla ya tangazo lolote. Mwezi Mei 1862, Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa mwongozaji wa meli katika bandari ya Charleston, aliitwaa meli ya kusini iitwayo Planter usiku, akaipitisha mbele ya ngome zote pamoja na jamaa zake, akaikabidhi kwa jeshi la kaskazini. Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani na kurudi mara nyingi kuwatorosha wengine, mwezi Juni 1863 aliliongoza jeshi katika mto Combahee, na watu zaidi ya 700 wakafunguliwa katika shambulio moja. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akajifunza kusoma kwa siri, alimhimiza Lincoln bila kuchoka awape watu weusi bunduki. Na walipopewa, watoto wake wawili walikuwa miongoni mwa walioandikishwa. Askari weusi wapatao 180,000 walilitumikia jeshi la kaskazini. Walipigana chini ya serikali ambayo, kwa kusukumwa nao, ilikuwa imekwisha kutamka kwamba ushindi wake utakuwa mwisho wa utumwa. Badiliko la katiba lililoukomesha nchi nzima lilithibitishwa mwezi Desemba 1865.

Unyanyembe na Ukimbu nako wako waliotoroka utumwani wakapewa bunduki. Wao waliitwa ruga-ruga.

Kwa habari ya ruga-ruga, mtu wa kutazamwa zaidi ni Nyungu ya Mawe, kwa sababu utawala wake uligusa nchi ambayo ni sehemu ya mkoa huu. Nyungu alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, naye baada ya kuuawa kwa Mnywa Sere mwaka 1865 hakutaka kuishi chini ya mtemi wa wageni. Aliingia Ukimbu na kukusanya vijana: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioiacha misafara, watoto waliopoteza wazazi katika vurugu za miaka ile. Hawakuwa na kijiji cha kurudi. Kijiji chao kilikuwa vita, na baba yao Nyungu. Kwa jeshi hilo aliziweka chini ya mkono wake temi nyingi ndogo za Wakimbu, makao yake yakiwa Kiwele, na njia ya Mgunda Mkali ikawa kama mlango wa nyumba yake.

Watumishi wa umma watapendezwa na namna alivyotawala. Hakuwafukuza watemi wadogo wa Wakimbu. Aliwaacha na matambiko yao. Juu yao aliweka maofisa wake, walioitwa watwale, kila mmoja na eneo lake, na kazi yao kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba pembe za ndovu zinafika kwa mtawala. Huo ulikuwa utumishi wa kweli wenye ngazi na mipaka, uliobuniwa bila ya mshauri kutoka nje. Nyungu alifariki mwezi Desemba 1884. Dola yake haikufa pamoja naye. Binti yake Mgalula aliishika na kuiongoza, na mpango ule wa watwale uliendelea hadi Wajerumani walipofika.

Mwezi huo huo wa Desemba 1884 alifariki pia Mirambo wa Urambo, ambaye jina lake linajulikana zaidi. Mirambo alianza vita na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, akaifunga njia ya Ujiji, akaua na kuchoma hadi ndani ya Tabora yenyewe, ambako Khamis bin Abdallah aliuawa mwezi Agosti mwaka ule. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu kumpiga, wakashindwa, naye akalazimika kupita njia ya kuzunguka. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alichanjiana naye damu na kumsifu kama Napoleon wa Afrika ya Kati. Sifa hizo hazikuizuia dola ya Mirambo kuanza kubomoka mara baada ya kifo chake. Aliiunganisha kwa nafsi yake, na nafsi ilipoondoka gundi ikaondoka. Kwa kipimo cha utawala, Nyungu alimshinda, ingawa mitaa na kambi zilizopewa jina ni za Mirambo.

Wakati wazee hao wawili wanaaga dunia, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wameketi Berlin, katika mkutano ulioanza Novemba 1884, wakipanga masharti ya kuigawana Afrika. Hakuna aliyewaalika Mgalula wala Mpandashalo, mrithi wa Mirambo.

Vitabu vilivyoandikwa baada ya uhuru viliwainua watawala hao kuwa mashujaa, na ilifaa vifanye hivyo, maana vile vya wakoloni viliwaita majambazi. Ila shujaa aliyeandikwa nusu hudumu kwa nusu ya muda. Mwalimu anapomweleza Nyungu kama mjenzi wa dola na kunyamaza juu ya mateka, mwanafunzi mwerevu atauliza: hao ruga-ruga walikula nini, na baruti yao ilinunuliwa kwa nini? Baruti ilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Mtumwa aliyekimbilia kwa Nyungu alipata bunduki, heshima na chakula, kisha akatumwa kwenda kuvunja kijiji cha mwingine na kuleta mateka. Kule mto Combahee bunduki ilifungua mnyororo. Huku iliuhamisha kutoka shingo moja kwenda nyingine. Si kwamba watu wa huku walikuwa waovu kuliko wa kule. Ni kwamba hakuna upande hata mmoja, Mkasiwa, Mnywa Sere, Waarabu, Mirambo wala Nyungu, uliokuwa na faida ya kuukomesha utumwa, na mtumwa hakupewa nafasi ya kuulazimisha upande wowote kufanya hivyo.

Tena isidhaniwe kwamba vita viwili hivyo vilikuwa mbali kama masafa yalivyo. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na merikebu za mji wa Salem, Massachusetts, zilileta Unguja shuka nyeupe ngumu, ambayo mpaka leo Waswahili wanaiita merikani. Nguo hiyo ilipita Mgunda Mkali mabegani mwa wapagazi. Kwa merikani hongo ililipwa, mpagazi alipata ujira, na mtu alinunuliwa. Pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Basi mtu mweusi wa Georgia au Alabama alilima bila ujira pamba iliyofumwa kuwa shuka, na shuka hiyo ikatoa thamani ya mtu mweusi mwingine Tabora. Vita vya Marekani vilipokata pamba, merikani iliadimika katika nchi hizi, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi yake.

Upande wa pili wa biashara unashangaza zaidi. Pembe zilizotoka Unguja zilikwenda kwa wingi katika jimbo la Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vitana na vibao vya kinanda cha piano. Mmoja wa waasisi wa kazi hiyo Deep River alikuwa George Read, mzee wa kanisa na mpinga utumwa hodari, aliyempa hifadhi mtumwa mtoro aliyekimbia kutoka kusini. Mtu huyo alihatarisha usalama wake kwa ajili ya mtumwa mmoja aliyebisha mlangoni kwake, huku mali ghafi ya kiwanda chake ikitoka katika biashara iliyozaa watumwa wengine, wale asiowaona. Unafiki pengine ni neno kali mno kwake. Umbali wa soko ulimficha yule mtu aliye mwanzo wa njia, kama unavyowaficha wengi hadi leo.

Sheria nazo zilikuja polepole. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Seyyid Barghash alitiwa shinikizo na Waingereza kuukubali, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kushuka pwani kutoka bara. Matokeo yake ya kwanza hayakuwa uhuru. Mateka ambao hawakuweza tena kuuzwa pwani kwa urahisi walibaki bara, bei yao ikiwa nafuu, na mashamba ya Unyamwezi yakawapokea. Unguja hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria walisubiri hadi 1909.

Na Wajerumani, waliojitangaza kuwa wamekuja kuukomesha utumwa? Mwezi Januari 1893 walimshambulia Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyefuata baada ya Mkasiwa, ndani ya boma lake. Alipoona mambo yamekwisha akaiwasha ghala yake ya baruti. Walijenga ngome Kilimatinde, ukingoni mwa Mgunda Mkali, kuilinda ile ile njia aliyoigombea Mnywa Sere. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, ikiwa imepita Manyoni na Itigi, na kazi ya upagazi wa njia ndefu ikafikia mwisho wake. Lakini utumwa wenyewe hawakuufuta. Amri yao ya mwaka 1904 ilisema kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Aliyezaliwa siku moja kabla alibaki mali ya mtu, asipokombolewa kwa fedha au kwa hisani. Ilibidi kungoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 ndipo utumwa ukafutwa Tanganyika nzima, miaka 57 baada ya Marekani.

Hesabu hiyo si ya kale sana. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka 1905 angekuwa na miaka 56 tu bendera ya uhuru ilipopandishwa mwaka 1961, na wajukuu wake wangeweza kuwa darasani katika shule za mkoa huu na za jirani. Wengi wa watu hao hawakurudi Manyema wala kokote walikotoka. Walioana na wenyeji, wakapewa majina ya koo zilizowamiliki, na familia zikakubaliana kimya kimya kwamba asili isiulizwe. Kimya hicho kilikuwa na busara yake, kwa kuwa kiliwawezesha watu kukaa kijiji kimoja bila kutukanana. Mwalimu atakayewatuma wanafunzi kwenda kuwahoji wazee juu ya Mgunda Mkali na apime neno hilo kwanza. Awaagize waulize juu ya njia, visima, hongo, njaa na nyimbo za wapagazi. Habari za nani alinunuliwa na nani aachiwe mzee mwenyewe, aitoe akipenda.